Dubai au Muscat? Mji upi wa jangwani umfae mtembezi wa mfuko wa kawaida

Kila ikikaribia baridi ya Ghuba, yaani kuanzia Novemba, jamaa wa Dar, Mombasa na Unguja wenye likizo ya siku chache huuliza lile lile: twende Dubai au Muscat? Majibu wanayopewa huwa ya kishabiki. Aliyekwenda Dubai huonyesha picha ya Burj Khalifa na kusema kwingine kote ni shamba. Aliyekwenda Muscat hukwambia Dubai ni vioo na foleni tu. Wote wanashindanisha makubwa, na makubwa mtu huyatazama mara moja akamaliza. Siku ya mtembezi hujazwa na madogo: kuvuka maji, kunywa chai, kutafuta kivuli, kungoja basi, kurudi chumbani na mfuko wa tende.

Hayo madogo ndiyo ninayoyalinganisha hapa, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama huna mwenyeji wala leseni ya kuendesha gari, nenda Dubai. Kama unaye mwenyeji, au mko watatu wanne mnaoweza kuchangishana mkakodi gari, Muscat itakupa zaidi kwa siku zile zile.

Joto kwanza

Anayekwambia atakwenda Julai kwa sababu tiketi ni rahisi, mwambie tiketi ni rahisi kwa sababu. Juni hadi Septemba miji yote miwili hupita nyuzi 40, na kwa kuwa yote iko pwani, unyevu nao unakuja juu yake. Ukitoka tu mlangoni miwani inashika ukungu. Serikali zenyewe zimekiri. Falme za Kiarabu hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, na Oman ina katazo lake la Juni hadi Agosti. Kama fundi aliyezoea haruhusiwi kusimama juani, wewe uliyeshuka jana kutoka Tanga utasimama kwa lipi?

Ila Dubai joto linakwepeka. Vituo vya metro vina viyoyozi, njia ya miguu kutoka kituoni hadi Dubai Mall imefunikwa mwanzo hadi mwisho, hata vituo vingi vya basi ni vijumba vya kioo vyenye ubaridi ndani. Unaweza kumaliza siku nzima bila jua kukugusa zaidi ya dakika chache. Muscat haina huruma hiyo. Mji umebanwa kati ya bahari na milima ya Hajar, milima mikavu ya mawe meusi na ya kahawia, na mawe hayo hushika joto mchana kutwa kisha huliachia usiku. Juni 2018, pale Quriyat, mji mdogo wa pwani kusini-mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, hata usiku wa manane.

Kwa hiyo safari ya kiangazi ni Dubai, hakuna mjadala. Kuanzia Novemba hadi Machi mizani inalingana: mchana ni wa kutembea, na usiku kina mama wataulizia shali.

Mtu asiye na gari

Hapa ndipo miji hii inapoachana kabisa.

Metro ya Dubai ilianza Septemba 2009, haina dereva, na inakutoa uwanja wa ndege moja kwa moja hadi mjini. Unanunua kadi ya Nol, ile ya fedha inatosha, unaigusisha getini na nauli inakatwa: dirham 3 ukibaki ndani ya kanda moja, 5 ukiingia ya pili, 7.5 ukienda mbali zaidi. Kuna behewa la wanawake na watoto, limeandikwa sakafuni. Mwanamume akiingia bahati mbaya huonywa na akikaidi hupigwa faini. Kula, kunywa na kutafuna bazoka ndani ya treni ni faini ya dirham 100, kwa hiyo yale mandazi ya safari yaache mkobani. Na jambo moja huwakwaza wengi: Jumapili treni huanza saa mbili asubuhi, si alfajiri kama siku nyingine. Mwenye ndege ya mapema siku hiyo apange taksi.

Kisha kuna abra. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kufanya Dubai, nitakutajia hiki kabla ya jengo lolote. Khor Dubai ni mkono wa bahari unaoukata mji wa zamani kati, Deira upande huu na Bur Dubai upande ule, na watu huvushwa kwa mashua za mbao zisizo na kuta. Benchi limepita katikati, abiria kama ishirini wanakaa migongo ikigusana, nusu wanatazama Deira na nusu wanatazama Bur Dubai, nahodha yuko kwenye shimo la injini hapo kati akishika usukani kwa mguu huku mikono ikihesabu chenji. Nauli ni dirham 1. Sarafu unampa mashua ikishaondoka, abiria wanapitishiana mkono kwa mkono mpaka inamfikia. Nilipokaa mimi, jirani yangu alikuwa fundi wa Kibangladeshi aliyesinzia kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na mbele yetu watalii walikuwa wakipiga picha kila wimbi. Hii ni daladala ya watu wa Dubai, na imekuwa hivyo tangu kabla ya mafuta.

Muscat, sasa. Muscat si mji wa kuzunguka kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni mji uliotandazwa kama kamba kandokando ya barabara ya Sultan Qaboos, kutoka Seeb uliko uwanja wa ndege hadi Mutrah iliko bandari ya zamani. Hakuna metro. Yapo mabasi mekundu ya Mwasalat, masafi, yenye ubaridi na nauli ndogo. Tatizo ni kwamba hupita barabara kuu, na unakokwenda huwa ni kilomita mbili ndani, juani, kwenye njia isiyo na mahali pa kupita watu. Taksi za rangi ya chungwa na nyeupe kwa desturi huendeshwa kwa maelewano, hivyo patana kabla hujafunga mlango, au tumia programu ya simu bei uione mapema. Mtu mmoja akizunguka kwa taksi siku nzima Muscat atashangaa jioni akipiga hesabu. Wanne kwenye gari la kukodi hawatashangaa: mafuta Oman ni nafuu, barabara ni nzuri kupita kiasi, na alama zimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kumbuka tu usukani uko kushoto na mnapita kulia. Aliyezoea Mandela Road asikimbilie usukani siku ya kwanza.

Masoko: Deira na Mutrah

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh hahitaji kuelezwa Deira. Anajua hoteli za karibu na Naif, anajua ofisi za kago, anajua pa kupima dhahabu. Mtembezi wa kawaida naye atapapenda, mradi aje jioni. Soko la dhahabu ni barabara iliyoezekwa, vioo kushoto na kulia, na bei ya gramu ya siku imewekwa wazi. Kinachopatanwa ni ufundi, si dhahabu. Soko la viungo liko hatua chache, karibu na gati la abra: zafarani, ndimu kavu, majani ya waridi, mdalasini. Adha ya Deira ni wale vijana wanaokufuata wakinong'ona saa na mikoba ya bandia. Usiwajibu, hata kwa "hapana", maana hapana ni mwanzo wa mazungumzo.

Kitu cha bure na kizuri kuliko hayo yote ni gati lenyewe. Majahazi ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, na mzigo umepangwa hapo hapo barabarani: majokofu, matairi, magunia ya mchele, makreti ya soda. Yanakwenda Iran, yanakwenda Somalia. Mtu aliyekulia karibu na forodha ya Mombasa au Malindi ya Unguja atasimama hapo bila kuambiwa.

Mutrah ni kitu kingine. Soko limejificha nyuma ya barabara ya bahari, vichochoro vimefunikwa kwa mbao, vinapanda na kushuka, na unapotea kwa raha. Kinachokuongoza ni pua. Ubani wa Oman hutoka Dhofar, kusini ya nchi, na wauzaji wanauweka kwa madaraja: mwekundu-mwekundu wa bei rahisi, wa njano, na ule wa hojari, mweupe wenye kijani kwa mbali, ndio wa juu. Usinunue kwa macho. Mwambie akuwekee punje moja kwenye chetezo. Ulio mzuri moshi wake ni mweupe na una harufu ya ndimu kidogo, ulio duni unakereketa koo. Wanawake wa pwani hapa wanajua kazi, hawadanganyiki, na muuzaji akiona mteja ananusa kwa kupeleka moshi kwa kiganja anabadilisha bei yeye mwenyewe.

Jambo la kujua: Mutrah hulala mchana. Maduka mengi hufunga kama saa saba na kufungua tena saa kumi. Ukifika saa nane utakuta paka. Asubuhi nenda soko la samaki, liko mwisho wa barabara ile ile, jengo jipya lenye paa la mapapi kama mawimbi, lililofunguliwa 2017. Jodari wamelazwa sakafuni kama magogo, nguru wanakatwa vipande kwa kisu cha urefu wa mkono, na watu wanabishana bei kama Feri.

Kwa bei, Deira ni rahisi zaidi karibu kwa kila kitu isipokuwa ubani na halua. Kwa kuzurura, Mutrah inashinda. Nakubali hapo ninaongea kwa upendeleo.

Majengo na historia

Burj Khalifa lina mita 828 na lilifunguliwa Januari 2010. Litazame kutoka chini, usiku, kando ya ziwa la chemchemi zinazocheza muziki. Onyesho hurudiwa kila nusu saa na halina kiingilio. Kupanda ghorofa ya 124 ni hiari. Ukitaka kupanda, kata tiketi kwenye mtandao mapema na epuka saa za machweo ambapo bei hupaa. Maoni yangu: pesa hiyo ukiila kwenye mikahawa ya mtaa wa Karama utaikumbuka zaidi.

Watu wengi huruka Al Fahidi, mtaa wa zamani upande wa Bur Dubai, na hilo ni kosa. Ni nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zenye minara ya upepo juu ya paa: mnara umekatwa matundu pande nne, upepo ukipita unavutwa chini hadi chumbani. Kabla ya umeme hicho ndicho kilikuwa kiyoyozi. Ukiingia katika nyumba yoyote iliyo wazi, inua macho utazame dari. Zile boriti ni mikoko. Ghuba haikuwa na miti ya kujengea, na boriti zilisafirishwa kwa majahazi ya msimu kutoka pwani yetu, Lamu na Rufiji. Ndiyo maana vyumba vya kizamani huko ni vyembamba kama vya kwetu, upana wake ni urefu wa boriti. Ngome ya Al Fahidi, iliyo jirani, inahesabiwa kuwa ya mwaka 1787, na ndilo jengo kongwe lililobaki Dubai.

1787 kwa Muscat ni juzi. Ngome mbili zinazokodoa macho juu ya bandari yake, Al Jalali na Al Mirani, zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580, muda mfupi kabla ya kuanza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Imamu Sultan bin Saif aliwafukuza Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus mwaka 1698. Ngome hizi hutazamwa vizuri kutoka kwenye uwanja wa kasri ya Al Alam, na aliyewahi kupanda kuta za Mombasa ataona mkono ule ule. Mbele ya kasri kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016. Nenda hapo badala ya makumbusho matatu madogo. Kwa mtu wa pwani ni kama kusoma barua ya familia kutoka upande wa pili: kasri ya Sayyid Said, majahazi, karafuu, na ule mgawanyo wa 1861 uliotenganisha Zanzibar na Muscat.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, ni wa kutengewa asubuhi nzima. Zulia la ukumbi mkuu lina tani 21, limesukwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kina mama wafunike nywele, mikono na miguu. Bora uje umevaa buibui au dera lenye mikono mirefu kuliko kuanza kutafuta la kuazima mlangoni. Dubai ina Msikiti wa Jumeirah, mdogo lakini una faida yake: wageni wasio Waislamu hupewa maelezo, hupewa kahawa na tende, na huruhusiwa kuuliza swali lolote. Kwa aliye na maswali, Jumeirah. Kwa anayetaka kukaa kimya akitazama, Muscat.

Bahari, ndege na mikoko

Dubai imejitahidi. Fukwe za umma za Jumeirah zina mabafu, vivuli na walinzi, na tangu 2023 kuna sehemu zilizowashwa taa kwa kuogelea usiku, jambo la neema wakati wa joto. Ras Al Khor, mwisho wa Khor, ni kinamasi katikati ya mji ambako baridi ikiingia hutua heroe kwa mamia, ndugu wa wale wa waridi wa Nakuru na Natron, na nyuma yao unaona Burj Khalifa. Kuna vibanda vya kuchungulia na darubini. Familia nyingi za Kiafrika huko hazijui kama mahali hapa papo.

Muscat ina ufukwe wa Qurum, mrefu, wa bure, wenye vijana wanaocheza mpira kila jioni maji yakikupwa, na pembeni yake kuna mikoko iliyohifadhiwa. Maji ya kuogelea ni bora kuliko ya Dubai. Wanawake wa huko huingia na nguo zao, na mgeni akifanya vivyo hivyo hatakodolewa macho.

Jangwa lenyewe

Watu hufika mji wa jangwani wakamaliza safari bila kuona jangwa. Dubai hilo hutokea kwa uvivu tu, maana jangwa huletewa mlangoni: gari la kampuni linakufuata hotelini alasiri, mnakwenda upande wa Lahbab kwenye matuta mekundu, dereva anawarusha juu na chini mpaka waliokula pilau mchana wanajuta, kisha kambi, nyama choma, hina, ngamia wa kupandwa dakika tano, na saa tatu usiku mko mjini. Ni maigizo, lakini maigizo yaliyopangwa vizuri, na watoto wanayafurahia. Mwenye tumbo dogo aombe mapema gari lisirushwe. Mwenye rafiki mwenye gari aende maziwa ya Al Qudra badala yake: maziwa yaliyochimbwa katikati ya mchanga, ndege, choroa wakati mwingine, na jamaa wa Kihindi na Kifilipino wakichoma kuku. Hakuna kiingilio.

Muscat yenyewe imezungukwa na mawe. Mchanga wa matuta uko Sharqiya, ambako wengi bado wanakuita Wahiba, kama kilomita 200 kutoka mjini, na si mahali pa kwenda na kurudi siku moja. Unalala kambini. Ukilala, ndipo utakapolipwa: kimya ambacho Dubai haiwezi kukuuzia kwa bei yoyote, na nyota hadi ukingoni mwa dunia.

Ila kwa siku moja Oman ina kitu ambacho Dubai haina kabisa, nacho ni mabonde yenye maji. Wadi Shab iko njia ya kwenda mji wa Sur, mwendo wa kama saa moja na nusu. Unavushwa kwa kiboti kwa rial 1, unatembea kama dakika 45 kati ya majabali, kisha unaogelea kwenye madimbwi ya kijani hadi ndani ya pango. Njiani mnasimama Bimmah, shimo kubwa la maji ya rangi ya zumaridi. Hapa nina onyo zito: mvua ikinyesha mlimani, bonde lililokuwa kavu asubuhi hushuka maji ya kubeba gari. Watu hufa kila mwaka kwa kujaribu kuvuka, na kuvuka bonde lililojaa ni kosa la kisheria Oman. Tazama utabiri wa hali ya hewa, na mkiona mawingu upande wa milima, geuzeni.

Tumbo na ulimi

Kula Dubai ni kula dunia kwa bei ya mamantilie. Karama na Satwa utapata biriani, dosa, pancit, kebabu za Kiirani. Chai ya karak ya kikombe cha karatasi ni dirham moja au mbili. Unapiga honi nje ya kibanda inaletwa dirishani. Chakula cha kwetu kipo Deira kwa anayekitafuta, ugali na samaki, lakini sioni sababu ya kusafiri saa tano angani kwenda kula ugali.

Muscat, kwetu ndiko kunakuja mezani bila kutafutwa. Jioni kando ya barabara Seeb na kwingine mishkaki inachomwa, na ukwaju wake. Halua inapikwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, zafarani na maji ya waridi, ikikorogwa mpaka mkono ufe ganzi. Onja ya moto, kwa kijiko, kabla hujachagua kopo. Kuna na kile kitu cha vijana, chapati nyembamba iliyopakwa jibini na kuvunjiwa krispi za viazi za kwao ndani. Usicheke mpaka uonje.

Na Kiswahili kiko kila mahali. Maelfu ya familia zenye mizizi Unguja, Pemba, Mombasa hadi Burundi na Kongo zilikwenda au zilirudi Oman, nyingi baada ya 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Simama benki, simama hospitali, simama kwenye foleni ya mkate ukipiga simu nyumbani, mara nyingi atageuka bibi mwenye shela na kukuuliza wewe wa wapi, mwanangu, na mama yako nani. Jibu kwa adabu, kwanza shikamoo. Usishangae ukiishia kwenye chakula cha mchana. Wazee wa kiume utawajua kwa kofia, zimetiwa nakshi kwa sindano na vijitundu vya hewa kama kofia za viua za kwetu. Mtu mzima asiyejua Kiingereza, mama au shangazi unayemtoa nje ya nchi mara ya kwanza, mpeleke Muscat. Dubai atatembea akiwa ameshikwa mkono, Muscat atakutangulia.

Pesa

Rial ya Oman inawadanganya wengi. Rial 1 ni kama dola 2.6, sawa na dirham tisa na nusu hivi, na imegawanywa baisa 1,000. Ukiona bei imeandikwa 5 usifurahi kabla ya kuzidisha. Kwa jumla, msafiri peke yake atatumia kidogo zaidi Dubai, kwa sababu ya metro, vyumba vya bei zote na vyakula vya vibarua. Familia yenye mwenyeji itatumia kidogo sana Muscat, maana mwenyeji wa Kiomani hakuachi ulipe, na ubishani wa nani alipe utaushindwa wewe.

Ukitaka yote mawili

Inawezekana, miji hii iko kama kilomita 450 kwa barabara, na ndege ni fupi kuliko ya Dar kwenda Mwanza. Hakikisha tu visa zote mbili ziko mkononi kabla hujalipa tiketi.

Anza na Dubai, kwa sababu ya kalenda. Tangu Januari 2022 wikendi ya Dubai ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufungwa nusu siku. Oman bado wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Basi tua Dubai Jumapili au Jumatatu, maliza Deira, Al Fahidi na jangwa la alasiri siku za kazi ambazo watu si wengi, kisha uwe Muscat Alhamisi jioni. Lala mapema. Ijumaa ondokeni mara baada ya sala ya alfajiri mwende Nizwa, kilomita kama 160 bara, kwenye mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka duara na wanyama wao wakinadi, wanunuzi wamechuchumaa kati na pembeni, mbuzi anakamatwa, anafunguliwa mdomo, anapapaswa mgongo, anaachiwa. Saa tatu asubuhi biashara imekwisha. Ngome ya Nizwa, ya Imamu yule yule aliyewatoa Wareno, iko hapo hapo nyuma ya soko, na mnapaswa kuingia kabla haijafungwa kwa sala ya Ijumaa. Tende nunueni Nizwa, si Mutrah wala uwanja wa ndege. Mtauziwa kwa kilo, na mtaonjeshwa mpaka mkatae.